Kuifuata Timu: Safari za Washabiki wa Kariakoo kwenda Mikoani, 1965–1986

Katika historia ya mpira wa miguu nchini Tanzania, neno "ugenini" limebeba maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ya kanuni za ligi, yaani mchezo unaochezwa kwenye uwanja wa timu pinzani. Ya pili ni ya maisha ya kawaida, yaani mahali ambapo mtu hana ndugu, hana pa kulala wala wa kumpokea. Kwingi duniani maana hizo hukutana, kwa kuwa shabiki anayeifuata timu yake katika mji mwingine huwa mgeni kwa kanuni na mgeni kwa kila hali. Kwa washabiki wa klabu mbili za Kariakoo, yaani Young Africans, ambayo watu waliifupisha zamani ikawa Yanga, na Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba, maana hizo ziliachana mapema. Ziliachania njiani, kwenye mabehewa ya daraja la tatu, kwenye malori na kwenye vyombo vya baharini vilivyowapeleka mikoani na visiwani katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, kwa sababu kila waliposhuka waliwakuta watu wao wamekwisha kufika kabla yao.

Ili kuelewa jambo hilo ni lazima kuanzia kwenye ramani ya mtaa wenyewe. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichoweka kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa kitovu cha makazi na biashara ya Waafrika wa Dar es Salaam, na klabu zote mbili zilizaliwa humo katika miaka ya 1930: Yanga mwaka 1935, na Simba mwaka 1936 ikiwa na jina la Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Makao makuu ya Yanga yapo kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, ndiyo maana washabiki wa upande mmoja huitwa Wana Jangwani na wa upande wa pili Wekundu wa Msimbazi. Kutoka nyumba hizo mbili mtu alitembea kwa miguu hadi Stesheni, kama watu wa mji wanavyoliita jengo la reli lililojengwa na Wajerumani, na hakuhitaji gari kufika Kisutu yalikokuwa yakiondokea mabasi ya mikoani, wala kufika bandarini. Hapana mtaa mwingine nchini uliokuwa na reli, barabara na bahari karibu kiasi hicho, na ni vigumu kuamini kwamba klabu hizi zingekuwa na wapenzi Kigoma na Bukoba kama zingezaliwa Kinondoni.

Watu wa mtaa huo nao walikuwa watu wa njia. Makuli, yaani wapakiaji na wapakuaji wa mizigo bandarini, makarani wa reli, mafundi wa karakana, madereva, mabaharia na wachuuzi wa sokoni walikuwa na ndugu au wenzao wa kazi katika kila kituo kikubwa cha reli ya kati. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa mwezi Septemba mwaka 1947 ulisambaa bara kwa kufuata reli hiyohiyo, kituo baada ya kituo, na habari za mpira zilipita njia moja na habari za mgomo. Karani aliyehamishiwa Tabora alihama na kadi yake ya uanachama, na mwalimu aliyepangiwa kazi Shinyanga alikwenda na ubishi wake wa Jangwani na Msimbazi. Washabiki walipoanza kusafiri kwa makundi, mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa na watumishi hawa.

Kabla ya uhuru safari za mpira zilikuwa chache na za wachache. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza, lilishindaniwa na Kenya na Uganda tangu mwaka 1926, na Tanganyika iliingia mwaka 1945. Lakini waliosafiri walikuwa wachezaji wa timu ya nchi na viongozi wao. Klabu za Dar es Salaam zilicheza zaidi zenyewe kwa zenyewe, Ilala na Mnazi Mmoja, na shabiki alirudi nyumbani kwa miguu kabla ya magharibi.

Mambo yalibadilika mwaka 1965, ilipoanzishwa ligi ya taifa. Sunderland ilitwaa ubingwa mwaka huo na uliofuata, Cosmopolitan, nayo ya Dar es Salaam, ikauchukua mwaka 1967, kisha Yanga ikaushika miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Ligi hiyo ndiyo iliyozaa "kwenda mikoani", msemo ambao maana yake katika lugha ya Kariakoo haikuwa kusafiri tu bali kusafiri na timu. Ndiyo pia iliyozaa mgawanyo wa watu katika ngazi ambazo msomaji wa leo anaweza kuzikosa. Palikuwa na wanachama, ambao walikuwa na kadi na haki ya kusema kwenye mkutano. Palikuwa na wapenzi, ambao hawakuwa na kadi lakini walichanga. Na palikuwa na wazee wa klabu, ambao walikaa barazani pa klabu mchana kutwa na ambao neno lao juu ya safari, kwa mengi, lilikuwa la mwisho.

Nauli ilipatikana kwa mchango. Siku kadhaa kabla ya mechi, daftari lilipitishwa barazani, sokoni na kwenye vijiwe, likiandikwa jina, kiasi kilichoahidiwa na kiasi kilichotolewa, safu mbili ambazo kwa kawaida hazikulingana. Mwenye duka alitoa zaidi ili asiyekuwa na kitu asafiri, na aliyesafiri kwa fedha za mwenzake alijua kwamba akirudi atadaiwa hadithi nzima ya mchezo, si matokeo peke yake. Wengine hawakuchangiwa kabisa kwa kuwa safari ilijilipa: mchuuzi alipanda treni na mzigo wa nguo au vyombo, akauza asubuhi ya mechi, akaingia uwanjani alasiri, akarudi na mchele wa Shinyanga au asali ya Tabora. Soko jipya la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipokea bidhaa nyingi zilizosafiri kwa njia hizohizo, na si rahisi kusema wapi biashara iliishia na wapi ushabiki ulianzia. Huenda hata swali lenyewe lisingeeleweka kwa waliohusika.

Safari iliyobaki kwenye kumbukumbu kuliko zote ni ya Mwanza, mwezi Agosti mwaka 1974. Mchezo wa Yanga na Simba wa kuamua ubingwa wa taifa ulipelekwa Uwanja wa Nyamagana, katikati ya mji ule wa ziwani, ili usichezwe mahali ambapo wote wawili ni wenyeji. Ukichezwa Jumamosi ya tarehe 10, ulimkuta shabiki wa Kariakoo akiwa amekwisha kulala njiani usiku mbili, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na barabara ya wakati ule kupita Dodoma, Singida na Nzega ilikuwa ya vumbi sehemu kubwa, hivyo aliyetaka kuwa na uhakika hakujaribu kwenda kwa gari.

Inafaa kuitazama safari hiyo kwa karibu, kwa kuwa treni ya daraja la tatu ilikuwa na utaratibu wake. Viti vilikuwa mabenchi, na aliyechelewa Stesheni alikaa juu ya mzigo wake au alisimama hadi Morogoro, abiria wa kwanza waliposhuka. Yanga walijikusanya kwenye behewa moja na Simba kwenye jingine, wala si kwa amri ya mtu, bali kwa kuwa ngoma mbili haziwezi kupigwa mahali pamoja. Hata hivyo njaa haikujua rangi: chapati na maandazi yaliyobebwa kutoka Kariakoo yalikwisha usiku wa kwanza, na kuanzia Dodoma watani wa jadi, kama wanavyoitwa wapinzani hawa wanaotaniana bila kukasirikiana, walinunua chakula kwenye madirisha yaleyale na kukopeshana chenji. Tabora treni ilikatwa, mabehewa mengine yakaelekezwa Kigoma na mengine Mwanza, na kazi hiyo ilichukua muda wa kutosha kuoga bombani, kununua asali na kuanzisha ubishi mpya na wenyeji. Aliyelala kwenye behewa lisilo lake aliamka akiwa njiani kwenda Ziwa Tanganyika, na hakuna daftari la michango lililokuwa na safu ya kumrudisha.

Mchezo wenyewe ulilipa nauli. Simba ilitangulia mapema kwa bao la Adam Sabu na ikalilinda karibu hadi mwisho, mpaka Gibson Sembuli, mpigaji mashuti mazito, aliposawazisha dakika za mwisho. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara, ambaye miaka michache baadaye alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi, akaifungia Yanga bao la pili. Matokeo ya 2–1 yalijulikana Kariakoo papo hapo kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini waliokuwa Nyamagana walikuwa bado na usiku mbili za kurudi, washindi na walioshindwa kwenye treni moja. Hapo ndipo utani ulipofanya kazi yake halisi, kwa sababu watu wasiokuwa na desturi ya kutaniana wasingeweza kukaa pamoja saa zote zile bila kuumizana.

Kilichoonekana Mwanza kilionekana pia Dodoma, Tabora, Arusha na Mbeya: mji ulijigawa. Timu ya Kariakoo iliposhuka, nusu ya mji iliipokea kama timu yake, na nusu ya pili iliungana na timu ya nyumbani si kwa mapenzi ya timu hiyo bali kwa kuwa walikuwa wa upande wa pili wa Kariakoo. Shabiki aliyesafiri hakutafuta gesti; alipelekwa kwa mwenyeji, yaani mwanachama wa tawi la mji huo, akapewa mkeka, maji ya kuoga na chakula, kwa ahadi isiyoandikwa kwamba mwenyeji akifika Dar es Salaam naye atapokewa. Matawi, ambayo ni vikundi vya wanachama nje ya makao makuu, yalishika na kuongezeka kwa njia hii. Waandishi wengi huieleza nguvu ya klabu hizi kwa kutaja siasa za kupigania uhuru au redio, na yote mawili yana ukweli wake. Lakini redio humpa mtu timu ya kuisikiliza, ilhali ukarimu wa kupokeana humpa watu wa kudaiana nao wema, na deni la namna hiyo hudumu kuliko sauti.

Si kila mji ulikuwa laini. Tanga, yenye Coastal Union na African Sports, ilikuwa na mpira wake na kiburi chake kabla ya wageni kufika, na Uwanja wa Mkwakwani ulihesabiwa na watu wa Kariakoo kuwa ugenini wa kweli. Njia ilikuwa nyepesi, lami kupitia Chalinze na Segera, na reli iliyounganishwa kutoka Ruvu mwaka 1963. Kilichokuwa kizito ni mapokezi. Morogoro, iliyo chini ya kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, ilikuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, mara nyingi kwa malori ambayo abiria walisimama wakishikana mabega, na ilikuwa safari ya kuhofiwa: Mseto ya mji huo ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa wa taifa, mwaka 1975, na baadaye Reli ikaitwa "Kiboko ya Vigogo" kwa namna ilivyowachapa wakubwa. Songea kwa Majimaji ilikuwa mbali kuliko kilomita zake, kwa kuwa barabara ya lami kutoka Makambako ilikamilika katika miaka ya 1980. Mbeya ilikaribia baada ya mwaka 1976, reli ya TAZARA ilipokabidhiwa, na miaka kumi baadaye Tukuyu Stars, iliyokuwa imepanda daraja tu, ikachukua ubingwa mbele ya wote.

Katika miji hiyo migumu ndipo ilipoonekana ile iliyoitwa "kamati ya ufundi". Jina lilipendeza kama la mafundi wa mpira, lakini kazi yake ilikuwa ya waganga na kinga. Wajumbe wake walitangulia siku moja au mbili, wakauchunguza uwanja, wakaamua timu iingie kwa mlango gani au iruke ukuta gani, na washabiki waliokwenda mapema walipewa zamu ya kukesha nje ya uwanja ili wenyeji wasifukie kitu golini. Msomaji anaweza kucheka, na wapo waliocheka wakati ule pia. Lakini kukesha huko kuliwapa watu wa kawaida, ambao hawangeweza kupiga mpira, kazi ya kufanya kwa ajili ya ushindi, na ndiyo maana wengi wa waliosafiri husimulia usiku wa kabla ya mechi kwa urefu kuliko mechi.

Safari ya bahari ilikuwa ya aina yake. Mwezi Januari mwaka 1975 Yanga na Simba zilikutana Unguja, kwenye Uwanja wa Amaan, katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, na Yanga ikashinda 2–0. Kwa mara nyingine mtaa mmoja ulihama na ugomvi wake, safari hii kupitia bandari iliyowalisha makuli wengi wa klabu zote mbili, na mkondo wa bahari, kama kilomita 70, ulitosha kuwanyamazisha wapiga ngoma waliokuwa hodari reli nzima ya kati. Ligi ya Muungano ilipoanza mwaka 1982, ikikutanisha timu za Bara na za Visiwani, safari za Amaan zikawa za kila msimu, na mwaka 1984 wenyeji wa huko, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wakaondoka na ubingwa.

Nje ya mipaka, shabiki alisafiri kwa sikio. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka huo hadi 1983, na Nairobi na Mombasa, ambazo watu wa Kariakoo walizizoea kama Tanga, zikawa mbali kuliko Zambia. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers jijini Dar es Salaam katika kombe la klabu bingwa Afrika, na wengi hawakuona sababu ya kuisindikiza kwenye marudiano. Simba ilishinda huko Zambia 5–0. Hakuna mchezo mwingine ambao watu wengi zaidi wanadai waliamini tangu mwanzo, wala ambao wachache zaidi waliuona kwa macho.

Mgawanyiko wa ndani nao ulisafiri. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 uliwatenga waliopewa jina la Kandambili, yaani wavaaji wa ndala, watu wa kawaida, na Raizoni, waliopewa jina la viatu vya kisasa vyenye soli ndefu, na mwaka 1976 upande wa pili ukaunda Pan African. Matawi ya mikoani yalilazimika kuchagua, na mwenyeji wa jana akamfungia mlango mgeni wake. Kwa upande wa ukarimu, mgogoro huo uliumiza kuliko kipigo cha 6–0 ambacho Simba iliipa Yanga tarehe 19 Julai 1977.

Kilichozipunguza safari hizi kilikuwa uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta, vipuri na sabuni vilikuwa vya kutafutwa, mabasi ya KAMATA, kampuni ya taifa ya mabasi, yalikaa karakanani kuliko barabarani, na treni iliyokuwa na ratiba ikawa na matumaini. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ilimfanya mchuuzi aogope kubeba mzigo, na bila mzigo nauli haikurudi. Biashara ilipolegezwa baada ya 1985, mabasi ya watu binafsi yaliongezeka, lakini abiria wake walikuwa washabiki wa kukodi gari asubuhi na kurudi usiku. Na televisheni ilipoenea Bara katika miaka ya 1990, hata hao wakapungua.

Nyamagana yenyewe iliachia michezo mikubwa kwa Uwanja wa CCM Kirumba, uliofunguliwa mwaka 1980. Madaftari ya michango, yenye majina ya waliotoa na waliosafiri, hayakuwekwa katika hifadhi yoyote ya umma. Yaliyosalia yamo kwenye masanduku ya familia, Kariakoo na Ilala, na aliye nalo anaombwa asilichome moto.